Damaris na Maji ya Watahini

Hebu mwone akija. Ni alasiri, mapema mwaka wa tisini na nane, na barabara ya mahoteli ya Diani iko kimya kama mtaa uliofiwa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu anatembea ukingoni mwa lami, kitabu amekifunga ndani ya leso na kukibana kwapani. Anafika kwenye hoteli iliyofungwa tangu ghasia za Likoni za mwaka uliopita, zile zilizowafukuza watu wa bara na watalii kwa pamoja. Lango kubwa la hoteli liko wazi. Hakuna mgeni, hakuna meneja, hakuna basi la kutoka uwanja wa ndege. Yuko askari mmoja tu kwenye kiti cha plastiki. Mwanamke huyu hapiti pale. Anauzunguka ukuta mzima, anapita kando ya mapipa ya taka na mlango wa jikoni, kisha anaingia kwa nyuma, mlango wa wafanyakazi.

Ndiye Damaris Kavumbi, mtandika vitanda.

"Shikamoo, mzee Alfani," alimwambia askari alipotokea upande wa pili.

"Marahaba, mwanangu. Lango nimewafungulia tangu adhuhuri. Unazunguka huko unamkimbia nani, paka?"

"Nimezoea huku, mzee."

"Haya. Kesho nitakuwekea pipa la taka hapa mbele, ujione uko nyumbani."

Damaris alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa sehemu ya kazi yake, kama vile mashuka yalivyokuwa. Nakuomba ukiweke akilini kicheko hicho, tutakirudia.

Alizaliwa Taru, kule kukavu, ambako malori ya Nairobi husimama madereva wakanunua maziwa na mkaa. Baba yake alikuwa na ng'ombe. Damaris alifaulu kidato cha nne vizuri kuliko wavulana wote wa darasa lake, na mwalimu mkuu akamwambia baba huyu binti ni wa chuo kikuu. Mwaka huo huo ukaja ule ukame wa themanini na nne. Ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja kando ya barabara, na kidato cha tano kikaanguka pamoja nao. Damaris akateremka Diani kutafuta kazi, akidhani ni ya mwaka mmoja. Ndoto ya chuo kikuu hakuitupa. Aliikunja vizuri, akaihifadhi.

Sasa hoteli zilipokosa wageni na wafanyakazi wakarudishwa majumbani, ndoto ile ikapata nafasi ya kukunjuliwa. Chuo kikuu kimoja kilitangaza kwamba kitapokea watu wazima waliokosa nafasi ujanani. Kwanza mtihani wa kuandika, halafu mahojiano ya ana kwa ana na watahini. Atakayepita yote mawili ataingia, na hakuna atakayemuuliza umri. Kwa Damaris huu ulikuwa mlango pekee uliosalia duniani, na alijua kwamba ukifungwa haufunguliwi tena.

Mwalimu, Damaris na wenzake walimpata kijijini Bongwe, akifuga kuku. Jina lake Gedion, mtu wa bara, mwembamba, miwani imeshikwa kwa uzi. Aliwahi kufundisha historia ya elimu katika chuo kikuu, akafukuzwa baada ya mgomo wa wahadhiri, na tangu hapo alikuwa akizungumza na kuku. Watumishi wachache wa hoteli walimwendea, wakamwomba awafundishe, wao watamlisha na kumfulia. Mzee Alfani aliyelinda jengo akawapa ukumbi wa kulia chakula. Viti vilikuwa vimepandanishwa hadi dari, vimejaa chumvi ya upepo wa bahari.

Siku ya kwanza Lennox, aliyekuwa mhudumu wa baa, mtu wa magharibi mwa Kenya mwenye maneno mengi, aliutazama ukumbi ule akaguna. "Mwalimu, hii kweli ni chuo? Hakuna ubao, hakuna hata chaki. Watu watatucheka, mse."

Gedion akaketi sakafuni. "Kaeni duara. Vyuo vikuu vya kwanza havikuwa na ubao. Havikuwa na jengo pia."

Ndipo akaanza kuwasimulia, na nadhani tangu afukuzwe hakuwahi kusikilizwa vile. Aliwaambia habari za mji wa Bolonya, Italia, karne tisa zilizopita. Vijana walitoka nchi mbalimbali kujifunza sheria, wageni watupu mjini, hawana haki wala ndugu. Wenye nyumba wakawapandishia kodi. Basi wakaungana kama chama cha mafundi, kila kabila na chama chake, wakaanza kuwaajiri walimu wao wenyewe. Chama hicho cha wageni ndicho kilichokuwa chuo kikuu. Mwalimu akichelewa alitozwa faini. Akiruka sura ngumu ya kitabu alitozwa faini. Akitaka kusafiri aliomba ruhusa kwa wanafunzi.

"Hapo sasa nimeipenda historia," alisema Lennox.

Na juma lililofuata, Gedion alipochelewa kwa sababu ya kicheche aliyeingia bandani, Lennox alimsubiri mlangoni na mkono wazi. "Faini, mwalimu. Sheria ya Bolonya." Gedion akalipa kwa mayai, akiwa na uso wa furaha kuliko siku yoyote aliyowahi kulipwa mshahara.

Wakaenda hivyo, alasiri baada ya alasiri. Walisikia habari za Parisi, ambako walimu ndio waliounda chama na kuwatawala wanafunzi. Walisikia habari za Oksfodi, ambako wanafunzi na wenyeji waligombana hadi watu wakanyongwa, wanafunzi wengine wakafungasha vitabu wakahamia mji mdogo wa Kembriji, na hapo kikazaliwa chuo kingine.

Lennox aliposikia hayo alikumbuka yake. Wakati wa ghasia za Likoni yeye na watoto wake walilala kanisani wiki kadhaa, godoro moja familia mbili. "Kwa hiyo wao walifukuzwa na wenyeji, wakapata chuo," alisema. "Sisi tulifukuzwa tukapata nini? Blanketi la msaada, tena moja."

Mzee Alfani, mwenyeji wa pwani, wa Majoreni, alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani, akaketi karibu na Lennox, na hakuondoka mpaka darasa likaisha. Tangu siku hiyo alikuwa mwanafunzi pia.

Kilichomshika Damaris kuliko yote kilikuwa habari ya mwanamke wa Fezi, nchi ya Moroko, ambaye inasimuliwa kwamba alirithi mali ya baba yake akaitumia yote kujenga msikiti, na msikiti ule ukageuka chuo, na chuo hadi leo kipo. Hiyo ilikuwa kabla ya Bolonya, kabla ya Parisi. Gedion akaongeza Azhari ya Kairo, akaongeza Timbuktu, ambako watu walinunua vitabu kwa hamu kuliko bidhaa yoyote.

"Mwanamke," alisema Damaris polepole. "Na bara letu hili hili."

"Hili hili," alisema Gedion.

Jambo jingine alilowaambia ni la wanafunzi maskini. Waliokosa karo walikubaliwa chuoni kwa sharti la kuwahudumia matajiri. Walibeba sahani, wakawasha moto asubuhi, wakala makombo yaliyobaki mezani, kisha wakavua kitambaa cha kazi wakaingia darasani pamoja na wale wale waliowahudumia.

"Basi sisi si wa kwanza," alisema Damaris, macho yanang'aa.

Sasa nifike kwenye tatizo. Gedion aliwaambia kwamba katika vyuo vile vya kale hukupewa shahada kwa kukariri. Ulisimama mbele ya walimu, hoja ikatupwa katikati, nao wakaishambulia na wewe ukaitetea, au wao wakaitetea wewe ukaishambulia, mpaka jua lizame. Aliyekubali kila alichoambiwa alirudi kwao mikono mitupu. "Hata leo," alisema, "watahini watawatupia neno bovu kwa makusudi, wawatazame mtafanyaje. Haya, tujaribu."

Siku iliyofuata aliingia akafundisha kwa uso mkavu kabisa kwamba Fezi iko Misri, kwamba chuo chake kilijengwa na mfalme wa Kireno, na kwamba Timbuktu ni mji wa pwani. Wanafunzi wake waliitikia kwa vichwa. Waliandika. Damaris alitabasamu na kusema, "Sawa, mwalimu." Gedion alipomaliza alivua miwani.

"Damaris, Fezi iko wapi?"

"Moroko, mwalimu."

"Ulijua nilipokuwa nasema uongo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Damaris akaangalia chini. "Tulifundishwa kutomkosoa mgeni."

"Mimi mgeni wako?"

"Umekaa, mimi nakusikiliza. Ni kama mgeni."

Gedion alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi. Ndipo Damaris akaeleza. Alipoajiriwa, msimamizi wa vyumba, mama mmoja mkali aliyeitwa Cynthia, aliwapanga wasichana kwenye ujia akawafunza somo moja tu. Mgeni akisema bahari ni nyekundu, ni nyekundu. Akisema chumba kina baridi, kina baridi, hata kama jasho linakutiririka. Unacheka, unasema hakuna shida. Mwaka mmoja mgeni alidai Damaris amemwibia saa. Damaris alijua hakuiba. Lakini mdomo ulimponyoka, ukasema, "Samahani sana, bwana." Saa ikaonekana ndani ya kiatu cha mwenyewe. Hata hivyo Damaris akapewa onyo, kwa sababu, walisema, asiye na kosa haombi samahani.

Aliyemsaidia ni mzee Alfani.

"Mwalimu, niruhusu. Nilipokuwa kijana Majoreni tulikaa duara hivi hivi, darsa la sheikh baada ya alasiri. Humkatizi sheikh, huo ni utovu wa adabu. Lakini humwachi akosee pia, hiyo ni dhambi. Kuna njia. Unasema, 'Kwa heshima yako, sheikh, nimepata kauli nyingine.' Ukishasema hivyo mlango umefunguka, waweza kubishana hadi magharibi. Na yule aliyebishana vizuri ndiye aliyepewa ijaza na sheikh, ruhusa ya kwenda kufundisha wengine."

Gedion alimtazama askari yule kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. "Ni jambo lile lile," alisema. "Lile lile kabisa."

Tangu hapo Damaris alifanya mazoezi langoni. Kila alipofika, mzee Alfani alimtupia neno bovu.

"Ng'ombe wa Taru ni wadogo kuliko mbuzi."

"Kwa heshima yako, mzee, nimepata kauli nyingine."

"Ipi hiyo?"

"Kwamba mzee hajafika Taru, na macho yake yanahitaji miwani ya mwalimu."

"Ah. Hapo umezidisha. Rudia, punguza pilipili."

Akawa hodari. Akabishana na Lennox kuhusu Parisi, akabishana na Gedion kuhusu Azhari, na siku moja akapita lango la mbele, mzee Alfani akasimama kumpigia saluti. Mtihani wa kuandika ukaja, Damaris akaupita. Katika kundi lote la ukumbini alipita yeye peke yake. Usidhani wenzake walimwonea kijicho. Walimchangia kiatu, walimchangia sketi. Lennox alimfundisha kushika kikombe "kama dokta". Walimpeleka akilini mwao kama mjumbe wa chama, mjumbe wa Bolonya yao ya Diani.

Akavuka feri asubuhi ya mahojiano. Chumba kilikuwa katika jengo la kukodi mjini Mombasa, ghorofa ya pili. Aliambiwa aingie. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watahini watatu wenye tai, wanazungumza wao kwa wao kuhusu joto. Mbele yao palikuwa na vikombe vya chai vilivyokwisha kunywewa, na kijiko kimoja kimeanguka kando ya kiti.

Mtu mwingine angeketi. Damaris aliona kijiko. Mkono wake ulikiokota kabla yeye mwenyewe hajaamua. Kikiwa mkononi, basi vikombe navyo, akavipanga sahani juu ya sahani bila kutoa sauti, kama alivyofanya maelfu ya asubuhi. Mwenyekiti wa watahini hakuinua kichwa. "Asante, mama," alisema. "Tuletee na maji, tafadhali, kabla huyo anayefuata hajaingia."

Hapo ndipo. Angeweza kusema, huyo anayefuata ni mimi. Alifungua mdomo kusema. Kilichotoka ni "Ndiyo, bwana." Akatoka na vikombe, akatafuta jiko mwisho wa ujia, akarudi na sinia, gilasi zimekaushwa vizuri, akamwekea kila mtu upande wa kulia. Kisha akaketi kwenye kile kiti kilichobaki, akakunja mikono.

Walitazamana. Mmoja akakohoa. Mwenyekiti aliona haya, na haya yake aliificha kwa upole mwingi, akamwita bibi, akamwuliza safari ilikuwaje. Halafu akanywa maji, akatupa hoja, kama Gedion alivyotabiri. Alisema kwamba chuo kikuu ni kitu cha Ulaya, kililetwa Afrika na serikali za kikoloni, na kabla ya hapo bara hili halikuwa na elimu ya juu ya aina yoyote. "Unasemaje?"

Msomaji, alikuwa na Fezi mdomoni. Alikuwa na Azhari, alikuwa na Timbuktu na vitabu vyake. Lakini mahojiano yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha shuleni alikijua kwa kalamu tu; cha mdomoni chote alikipata mlangoni mwa vyumba, akibeba mataulo. Kilikuwa Kiingereza cha kukubali tu. Ile kauli ya mzee Alfani hakuwahi kuitamka kwa lugha ile. Na gilasi ilikuwa pale, midomo ya bwana yule bado imelowa maji aliyoletewa na yeye. Katika kazi yake mtu hampi mgeni maji kisha akamwambia umekosea.

Damaris akatabasamu. "Ni kweli kabisa, bwana," alisema.

Wakamtupia hoja ya pili, mbovu kuliko ya kwanza. Ni kweli, bwana. Ya tatu. Hakuna shida. Walimshukuru sana, wakasimama alipotoka. Alipokuwa akifunga mlango alimsikia mmoja akisema, "Mama mwenye adabu sana." Mwingine akajibu, "Ndiyo. Lakini hana fikra zake mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Majibu yalipokuja hayakumwambia kitu asichokijua.

Gedion alipopata habari aliketi sakafuni. "Nimekufundisha kila kitu," alimwambia, "isipokuwa kukaa chini bila kuambiwa. Vyuo vimebadilika tangu Bolonya, Damaris. Zamani mwanafunzi alimtoza faini mwalimu. Sasa mwanafunzi ndiye anayebeba sinia."

Damaris hakutabasamu. "Kwa heshima yako, mwalimu, nakataa. Ulitwambia zamani hiyo hiyo walikuwako waliobeba sinia. Walivua kitambaa wakaingia wakabishana na waliowahudumia. Hukutwambia walikivuaje. Miezi yote hii nakungoja utwambie."

Nafikiri jibu hilo halikuwamo hata katika vitabu vya Gedion. Aliyeandika historia ya vyuo alikuwa ameketi mezani, hakuwa amebeba sahani.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa wageni walianza kurudi. Hoteli ilipakwa rangi, viti vikateremshwa, ukumbi ukawekwa vitambaa vyeupe. Gedion aliwauza kuku wake, akarudi bara. Lennox yuko baa. Damaris anatandika vitanda, anapita mlango wa nyuma, na mzee Alfani, ambaye sasa amevalishwa sare na filimbi, hamtanii tena juu ya jambo hilo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Mara moja tu Damaris alimwuliza mzee, wakiwa wawili pale langoni. Kama ni yeye, siku ile, ameambiwa lete maji, angeleta?

Mzee Alfani alifikiri. "Ningeleta," alisema. "Mtu akikuomba maji humnyimi. Hata kafiri, hata adui yako. Humnyimi."

"Na shahada je?"

"Sijui, mwanangu. Darsani kwetu sheikh ndiye aliyetutekea maji."

Jibu la mzee umelisikia. Nami swali hilo nimelizungusha kichwani miaka hii yote bila kulimaliza, kwa hiyo nalileta kwako uliyenisikiliza hadi hapa. Umeingia chumba ulichokingoja maisha yako yote. Hawajakuuliza jina. Wana kiu kweli, joto la Mombasa unalijua. Wewe ungeyaleta maji?